Pikapu Inayopiga Magoti

Houston ni mji wa magari, na miongoni mwa magari hayo pikapu ndiyo mwenye nyumba. Ukiingia barabara kuu ya I-45 unazikuta kila upande, nyingi zikiwa mpya, zimeinuka hadi boneti inakuwa usawa wa kifua cha mtu mzima, na sehemu ya mizigo haina hata mkwaruzo. Katikati ya majitu hayo, mara mojamoja, hupita pikapu ya miaka ya 1960 au 1970 iliyoshushwa hadi tumbo lake linakaribia lami. Inakwenda taratibu, na madereva wa zile ndefu ndio wanaogeuza shingo kuitazama. Mimi nilikwenda Texas kwa ajili ya hii fupi.

Mume wa dada yangu ni fundi. Kabla ya kuhamia Marekani alikuwa akitengeneza mabasi ya safari ndefu Dar es Salaam. Sasa ana gereji ndogo upande wa mashariki wa Houston, karibu na mfereji wa meli, mahali ambapo harufu ya viwanda vya kusafisha mafuta huingia dirishani pamoja na joto na unyevu wa Ghuba ya Meksiko. Alikuwa amepata Chevrolet C10 ya mwaka 1970, akaamua kuivua springi zake za chuma na kuiwekea za upepo. Simu yake ilikuwa fupi: "Shemeji, ukitaka kuona kazi, njoo kabla sijakata chuma. Nikishakata, utakuja kuona rangi tu."

Nilipofika, gari lilikuwa limeshapanda juu ya stendi nne, matairi yametolewa, sehemu ya mizigo imefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Kwa jina la kiwandani, herufi C ilimaanisha gari linaloendeshwa na matairi mawili ya nyuma, na 10 ilimaanisha daraja la nusu tani. Toleo hili lilitoka kati ya 1967 na 1972, nalo ndilo wapenzi wa pikapu za zamani wanalolisaka sana. Sura yake ni sehemu ya sababu. Sababu nyingine iko chini, na shemeji hakunipa hata chai kabla ya kunilaza kwenye kibao chenye magurudumu na kunisukuma huko uvunguni.

"Tazama difu," aliniambia. "Unaona springi za bamba?"

Hazikuwapo. Pikapu nilizozizoea utotoni Tanga, hasa Peugeot 504, tulizijua kwa mgongo wake. Mwenye gari alipoona mzigo unaongezeka alikwenda kwa fundi kuongezewa springi, kisha nyingine juu yake, hadi gari likiwa tupu likawa linatembea mkia juu, na abiria wa nyuma wakirushwa kwenye kila shimo. C10 ya miaka hiyo ilikuja na springi za koili nyuma kama gari dogo. Difu lake limeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayokwenda mbele na kukutana karibu na katikati ya chesisi, pamoja na fito moja ya kukingama inayozuia difu kuhama kushoto au kulia. Mikono ile iliwavutia hata watu wa mashindano: magari ya daraja la juu la NASCAR yaliendelea kutumia muundo wake hadi mwisho wa msimu wa 2021. Na kwa fundi anayetaka kuweka upepo, gari ambalo koili yake inakaa peke yake, bila kulishikilia difu, limeshamfanyia nusu ya kazi. Anaitoa koili, anaweka mpira wa upepo mahali pake, na difu linabaki limeshikwa vilevile.

Hilo ndilo lililonifanya niulize swali ambalo nilikuwa nalo tangu nyumbani. Kwa nini mtu aliyetoka kwenye mabasi ahangaike na pikapu isiyobeba kitu?

Shemeji alicheka. "Basi, shemeji, mpira huu huu nimeubadilisha mara ngapi Dar! Basi likiwa tupu liko kimo kile, likijaza abiria na magunia liko kimo kile kile. Ndiyo kazi ya upepo. Mzigo unabadilika, kimo hakibadiliki. Huku wamegeuza. Mzigo haubadiliki, wanabadilisha kimo."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani safari nzima, kwa sababu historia inaiunga mkono. Upepo uliingia kwenye mabasi ya Marekani kwa nguvu mwaka 1953, General Motors ilipoanza kuuza mabasi ya masafa marefu yenye mipira badala ya springi za chuma. Mwaka uliofuata Greyhound ikaleta Scenicruiser, basi la ghorofa moja na nusu lililotembea juu ya upepo. Abiria walipata usingizi, na kampuni ikapata basi lisiloinama upande uliojaa. Magari madogo yakajaribu kuiga: Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitoka nao kiwandani, na mwaka 1958 mnunuzi wa Chevrolet aliweza kulipia zaidi apate mfumo ulioitwa Level Air. Mifumo ile ilivuja. Wengi waliamka asubuhi wakakuta gari limekaa chini, wakarudisha koili na kusahau habari hiyo. Mabasi na malori yakaendelea na upepo wao, kwa kuwa huko ulikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi ya mbele ilianza na springi ya koili, na hapo utani wote uliisha. Koili iliyobanwa chini ya injini ya V8 imehifadhi nguvu ya kuvunja mguu au kuua. Shemeji alipitisha mnyororo ndani ya koili na kuufunga kwenye chesisi, akaweka jeki chini ya mkono wa chini wa saspensheni, akalegeza boljointi, kisha akaishusha jeki pole pole hadi chuma kikaishiwa nguvu chenyewe. Hakuna aliyezungumza wakati huo. Koili ilipotoka, aliipiga teke ikabingiria hadi mlangoni.

Mahali pake paliingia vikombe viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini, na kati yake mpira mweusi mnene, mfupi, wenye pete mbili. Kuufunga ni bolti chache. Ugumu ni nafasi. Mpira ukijaa unatanuka, na ukigusa ncha ya bolti, bomba la breki au ukingo wa chuma, utasuguliwa hadi upasuke. Shokapu za mbele zikabidi zihamishiwe mahali pengine kwa mabano mapya. Niliuliza kama shokapu zinahitajika tena wakati gari liko juu ya upepo. Zinahitajika sana, kwani upepo unarudisha kila unachopewa. Bila shokapu gari lingeendelea kudunda baada ya kila tuta. Shokapu pia inazuia mpira usivutwe kupita urefu wake gari likirukaruka, na kuna vizuizi vya raba ili mpira huo usipondwe gari likilala.

Nyuma ndipo kilipokuwa kile chuma alichoniambia kwenye simu. Chesisi ya C10 hupita juu ya difu. Ukishusha gari, ni sawa na kusema difu linapanda, na baada ya inchi chache linagonga chesisi. Kwa hiyo mlalo wote ule unaoonekana barabarani, gari likiwa limeweka tumbo chini, hautoki kwenye upepo hata kidogo. Unatoka kwenye pengo la nusu mwezi lililokatwa chesisi juu ya ekseli, kila upande, kisha likazungushiwa bamba la chuma nene ili sehemu iliyokatwa isiwe dhaifu kuliko ilivyokuwa. Anayekata bila kuimarisha amelikata gari uti wa mgongo.

Shemeji hachomelei chesisi mwenyewe. Humwita jirani yake, mzee wa Kimarekani mwenye asili ya Meksiko, ambaye shemeji humwita "Mzee" naye ameshazoea kuitika. Mzee alifika na mashine yake, akaangalia, akaagiza vitu viwili vifanyike kwanza: betri ifunguliwe, na tangi la mafuta litoke. Kwenye toleo hili tangi la petroli linakaa ndani ya kabini, nyuma ya kiti, sentimita chache kutoka mgongo wa dereva. Lilitoka, na halikurudi. Shemeji alikuwa ameshaandaa jingine la kufungwa chini ya sehemu ya mizigo. Kisha grainda ikalia, cheche zikaruka hadi barazani, na kipande cha chesisi ya mwaka 1970 kikaanguka sakafuni. Mzee alichomelea vipande vifupi vifupi, akihama upande hadi upande ili joto lisiipinde chesisi.

Alipopumzika, ndiye aliyenieleza kwa nini watu walianza kulaza magari. Alilelewa Los Angeles, na ujana wake ulikuwa wa magari yaliyoshushwa na kupitishwa pole pole barabarani Jumapili jioni. California ilikuwa na sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1958, iliyokataza gari lenye sehemu yoyote iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Vijana wengi waliokamatwa kwa sheria hiyo walikuwa wa asili ya Meksiko. Mwaka 1959 kijana aitwaye Ron Aguirre alifunga kwenye Corvette yake mitambo ya haidroliki iliyotokana na vipuri vya ndege. Gari likawa linalala likisimama, na polisi akionekana, linainuka hadi kimo cha kisheria. Wenye pikapu walikuja baadaye na upepo, ambao ni mwepesi, hauchafui kwa mafuta, na unaliacha gari liendeshwe vizuri kila siku. Ile sheria yenyewe imeondolewa: California iliifuta kuanzia tarehe 1 Januari 2024, pamoja na marufuku ya miji dhidi ya misafara ya magari ya namna hiyo.

"Kwa hiyo mitambo hiyo ilianza kwa kumkwepa polisi," nilisema.

Mzee alitikisa kichwa. Kwake yeye ilianza kwa kutaka kupita mtaani kwako bila kuombwa maelezo.

Baada ya chuma kikaja kipindi cha upepo wenyewe, na hapa shemeji alikuwa nyumbani kabisa. Kompresa mbili ndogo za umeme zilifungwa juu ya mpira ili zisitetemeshe chesisi. Tangi la galoni 5, karibu lita 19, likalala kati ya vyuma vya nyuma. Swichi ya mgandamizo huwasha kompresa tangi likishuka hadi paundi 145 na kuzizima likifika 175. Vali ni nane: kila gurudumu lina moja ya kuingiza na moja ya kutoa, hivyo unaweza kuinua kona moja peke yake. Umeme ulipitia kwenye rilei na fyuzi karibu na betri, kwa kuwa kompresa zinavuta umeme mwingi kiasi cha kuchoma swichi ya kawaida. Mabomba ya plastiki aliyakata kwa kikatio maalumu, si kwa koleo, maana bomba likikatwa mshazari halikai sawa kwenye kiungo chake na litavuja.

Kupima uvujaji kulifanywa kwa maji ya sabuni, kama afanyavyo fundi wa pancha pale njia panda. Povu likivimba mahali, hapo pana kazi. Lilivimba kwenye viungo viwili, akavifungua na kuvifunga upya. Chini ya tangi kuna kifungulio cha kutoa maji, na shemeji alinisisitizia umuhimu wake: hewa ya Houston ikibanwa inaacha maji, na maji hayo yakiachwa yanaota kutu ndani ya tangi na kuharibu vali. Uvivu wa kufungua kile kidude, alisema, ndio ulioua mifumo mingi ya mabasi aliyoikuta Dar.

Gari liliposhushwa kutoka kwenye stendi lilikuwa limelala. Madigadi yalifunika sehemu ya juu ya matairi, na ngazi ya mlango ilikuwa juu ya sakafu kwa upana wa vidole. Shemeji alibonyeza swichi. Kukasikika mzomo mfupi, nyuma ikainuka kwanza, kisha mbele, na chombo chote kikasimama kama ngamia anayetoka kupakiwa. Aliposhusha tena, Mzee alipiga magoti akaangaza tochi upande wa kulia. Difu lilikuwa limehama kidogo, tairi moja likiwa karibu zaidi na madigadi kuliko lingine. Ile fito ya kukingama imefungwa upande mmoja kwenye chesisi na upande mwingine kwenye difu, hivyo inapopanda na kushuka inachora upinde na kulivuta difu pembeni. Kadiri ilivyo fupi, ndivyo inavyovuta zaidi. Ikatengenezwa ndefu zaidi, na tatizo likapungua hadi lisionekane kwa macho.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua kimo cha kutembelea. Wanaotazama hudhani gari hutembea likiwa limelala, lakini pembe ya propela, mlalo wa matairi ya mbele na alaimenti yote hupimwa kwenye kimo kimoja, na hicho ndicho cha barabarani. Kulala ni kwa kuegesha. Shemeji alichagua kimo ambacho mikono ya chini ya mbele ilikaa karibu usawa na ardhi. Geji zilisoma paundi 85 mbele, chini ya injini, na 45 nyuma kusiko na kitu.

Tuliondoka asubuhi kuelekea Galveston, kusini kwa I-45, maili 50 hivi. Ardhi ni tambarare isiyo na huruma, na kila daraja la juu linakuonyesha lile lijalo. Kabla ya Clear Lake, ambako kuna kituo cha NASA cha Johnson, lami inabadilika kuwa zege lenye viungo, na pikapu yenye springi ngumu ingetupigia ngoma hadi baharini. Hii ilivipita viungo hivyo kwa mguno mdogo. Springi ya kawaida ya chuma huongeza ukinzani kwa kiwango kile kile kila inchi inapobanwa. Upepo unaanza laini na kukaza kadiri unavyobanwa, kwa hiyo vishimo vidogo vinamezwa na vikubwa vinazuiwa. Kwenye mwendo wa maili 65 kwa saa shemeji aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, na gari la miaka hamsini na ushee likaendelea na njia yake.

Ukivuka daraja refu la ghuba unaingia kisiwani, na kisiwa hiki kina habari yake na jeki. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kilipita juu yake na kuua watu wasiopungua 6,000, maafa makubwa kuliko yote ya asili katika historia ya Marekani. Walionusurika walijenga ukuta wa bahari, ambao leo una urefu wa maili 10 hivi, kisha wakafanya jambo ambalo mtu wa gereji analielewa upesi: waliinua mji. Kati ya 1903 na 1911 majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki, mchanga uliochanganywa na maji ukapampiwa chini yake, na mitaa ikajengwa upya juu. Kanisa la St. Patrick, lenye uzito wa tani 3,000, liliinuliwa futi tano kwa jeki 700.

Tuliegesha karibu na ukuta huo na shemeji akalilaza gari kwa ajili ya watalii watatu waliokuwa wameshatoa simu. Nilipomsimulia habari za kanisa alinyamaza, akihesabu. "Jeki mia saba," alisema mwishowe. "Yaani kila moja tani nne na kitu. Ile ni hesabu nzuri. Hakuna hata moja iliyoelemewa."

Hatukwenda Galveston kupiga picha tu. Dada alikuwa ameagiza vigae vya jikoni kutoka kwa mtu aliyekuwa akikarabati nyumba yake, na hakuona sababu ya kulipa usafiri wakati mume wake ana pikapu. Shemeji alijaribu kukwepa. Rangi mpya, sehemu ya mizigo iliyopigwa msasa ikang'arishwa, halafu vigae? Lakini dada hakuwa mtu wa kujadiliana naye kwa simu. Tulipakia kilo 400 na kitu juu ya mablanketi, karibu na hiyo nusu tani ambayo gari lilitungiwa daraja lake.

Nyuma ilizama. Shemeji alikaa kwenye kiti, akabonyeza swichi mbili, na sindano ya geji ikapanda kutoka 45, ikapita 60, ikapita 70, hadi ncha ya nyuma ikarudi kwenye alama ile ile aliyoichora kwenye tairi kwa chaki kabla ya safari. Alitoka akapima kwa futi kamba. Kimo hakikuwa kimepungua hata nusu inchi. "Basi la Mwanza hilo," alisema, na njiani kurudi aliendesha kwa raha kuliko wakati wa kwenda, akinionyesha kila tuta ambalo springi za chuma zingegonga kizuizi, au taa za mbele zingeelekea mbinguni kwa uzito wa nyuma.

Nyumbani dada alikuwa amesimama kwenye baraza. Pikapu za majirani zilizoinuka zina sehemu ya mizigo iliyo juu ya kiuno chake. Huwezi kuteremsha boksi la kilo 25 kutoka huko bila kuliegemeza kifuani. Shemeji alirudi nyuma hadi mlango wa gereji, akabonyeza swichi, na gari likashuka na vigae vyake. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, maboksi yalikuwa chini ya kiuno. Dada aliteremsha la kwanza mwenyewe, akaliweka sakafuni, akamtazama mumewe.

"Siku zote unanihubiria inchi, inchi," alisema. "Ungeniambia tangu mwanzo kwamba ni za kuteremshia mizigo."

Shemeji alifungua mdomo ajibu, akaghairi, akaja kubeba boksi la pili.